Maiti wa Sehemu ya Saba

Kazi yangu ni kufa, Jumanne na Alhamisi,
katika ghala moja la Burnaby, kando ya Vancouver,
lililokuwa zamani la samaki wa barafu.
Nina miaka sitini na mmoja. Thelathini na miwili nilipanga barua posta;
sasa napangwa mimi, juu ya meza ya chuma,
na kijana aitwaye Kieran hunipaka kifo cha siku tatu:
zambarau shingoni, majivu midomoni,
kijani kidogo kwenye kucha. "Usijikune, Lesia."

Wanasema maiti haulizwi sanda.
Mimi naulizwa. Shuka ya pamba au ya nailoni?
Baridi imezidi? Nikuwekee chupa ya maji moto kiunoni?
Kufa kufaana: dola mia mbili na kumi na nne kwa siku,
na supu ya bure.

Ujuzi wote uko kwenye pumzi.
Unaivuta kabla ya kamera, unaificha mahali,
mimi huificha chini ya mbavu za kushoto,
kisha unauacha uso uwe wa mtu mwingine.
Kope ndizo wasaliti. Mate nayo.
Siku moja nilipiga chafya katikati ya uchunguzi wa mapafu
na watu wazima kumi na mmoja wakacheka hadi taa ikaanguka.

Lakini leo Desmond, anayeigiza udaktari
(mkopo wa nyumba unamkosesha usingizi, hunisimulia tukisubiri),
ameinama juu yangu na kurunzi yake ya buluu.
Amekishika kidole changu kama mtu aliyeokota yai la njiwa.
Amekwangua chembe chini ya ukucha:
rangi ya mlango, akasema,
mlango wa mbao, uliopakwa mara mbili, kwa haraka.
Ameukuta unywele mmoja usio wangu,
akauinua kwenye mwanga,
na chumba kizima kikanyamaza kwa ajili ya unywele.
"Huyu mama," akasema, "kuna mtu alikuwa akimpikia chai."

Hakuna aliyewahi kunitazama hivyo nikiwa hai.

Wala Orysia hakutazamwa.
Dada yangu alikaa siku tisa ghorofa ya nne, huko Surrey,
redio ikimsomea hali ya hewa,
mpaka mwenye nyumba akaja kudai kodi.
Polisi mmoja, mchanga, viatu vimelowa theluji,
aliandika sentensi mbili. Kalamu yake iligoma;
akaazima yangu. Sababu za kawaida.
Hapakuwa na kurunzi ya buluu,
wala brashi, wala unga wa kusaka alama za vidole.
Kikombe kimoja kilikuwa kwenye sinki, kingine mezani.
Vikombe viwili, Desmond. Viwili.
Na mimi, mikono ikitafuta kazi ya kufanya,
niliviosha vyote.

"Kata!" Mwongozaji anataka kujua nani amesogea.
Nasema ni mimi, samahani, mguu umekufa ganzi.
Wanacheka. Tunarudia mara nne.

Kwenye treni ya kurudi, damu ya sharubati
imeniganda nyuma ya sikio, na mtoto ananikodolea macho.
Nailowesha leso kwa mate, najifuta.
Mama yake anahama kiti.

Sehemu ya saba ilirushwa Novemba, usiku wa mvua.
Bwana Dhaliwal wa mlango wa pili alikuja na sambusa.
Saa kumi na moja nilikufa, nao wakatumia unyayo wangu tu,
kibandiko kwenye kidole gumba kikiwa na jina la mtu asiyekuwapo.
"Unyayo mzuri," akasema Bwana Dhaliwal, kwa heshima zote.
Halafu: "Nani alikuua?"
Sijui, nikamwambia. Kurasa za mwisho hawatupi sisi maiti.

Basi tukangoja, sahani magotini.
Likaja tangazo la sabuni ya vyombo,
mapovu, mikono laini, kikombe kikitakata mpaka kinalia,
na nikamwomba apunguze sauti.